Balungi na Zabibu: Jina Lililosafiri Hadi Mtumba

Mwenye kusafiri kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, akishaipita Morogoro na kuiacha Gairo nyuma yake, huiona nchi ikibadilika rangi. Kijani hupungua, vumbi jekundu huzidi, mibuyu hujitokeza mmoja mmoja kama wazee walioketi barazani, na mikwaju hutandaza vivuli vyake juu ya ardhi yenye kiu. Kabla ya kuingia mjini, upande wa mashariki, ndipo ilipo Mtumba, ambapo Aprili 2019 Rais John Magufuli aliuzindua Mji wa Serikali. Wizara zilizokuwa zimetawanyika katika mitaa ya Dar es Salaam zilihamia hapo, na pamoja na majalada na makarani zikahama lugha mbili za ofisi: Kiswahili cha barua na Kiingereza cha ripoti.

Katika Kiingereza hicho limo neno moja dogo, la kila siku, ambalo hakuna anayelitilia maanani. Limo katika orodha za vyakula vya hoteli, limo katika makopo ya maji ya matunda, limo katika vikaratasi vyembamba vilivyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Neno lenyewe ni ‘grapefruit’. Ukilipasua kama lipasuliwavyo tunda, unapata vipande viwili: cha kwanza ni zabibu, cha pili ni tunda. Kwingineko jambo hili lingekuwa mzaha wa darasani. Dodoma si mzaha, kwa kuwa Dodoma ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania. Mtu aliyelelewa kati ya mashamba ya mizabibu, akisomewa neno hilo na mtafsiri mwenye haraka, atadhani anaambiwa habari za tunda alilolipalilia na kulivuna tangu utotoni. Kumbe anaambiwa habari za tunda jingine kabisa: balungi.

Balungi na zabibu hayana undugu wowote. Moja ni la ukoo wa michungwa na midimu, mti wenye miiba na majani yenye harufu. La pili ni la mtambaa, linaloning’inia kwenye vichanja. Yaliyokutanisha majina yao ni mapito ya wanadamu, na mapito hayo yana historia ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Balungi ni tunda changa. Machungwa, machenza na malimau yana umri wa maelfu ya miaka katika bustani za Asia, ama balungi halijatimiza hata miaka mia nne. Wataalamu wa mimea wamechunguza nasaba yake na kuwatambua wazazi wake wawili. Mmoja ni furungu, lile tunda kubwa kama kichwa cha mtoto, ambalo asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Wa pili ni chungwa tamu, ambalo nalo ni mzao wa furungu na chenza. Kwa hivyo furungu ni mzazi wa balungi kwa upande mmoja, na ni babu yake kwa upande wa pili. Mtu wa Unguja au Pemba aliyekuwa na mfurungu, mchungwa na mchenza katika shamba lake alikuwa na ukoo mzima mbele ya macho yake, lakini mtoto hakuzaliwa hapo. Alizaliwa upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Barbados, bahari ya Karibi.

Barbados nayo ilikuwa kisiwa cha mashamba makubwa, kama Unguja na Pemba zilivyokuja kuwa visiwa vya mikarafuu. Huko zao lilikuwa miwa, na waliolilima walikuwa watumwa waliochukuliwa Afrika. Simulizi za Waingereza humtaja nahodha aitwaye Shaddock kuwa ndiye aliyeipeleka mbegu ya furungu katika visiwa hivyo katika karne ya 17, na Kiingereza kikalipa furungu jina la nahodha huyo. Furungu likakua karibu na michungwa iliyoletwa kutoka Ulaya, nyuki wakafanya kazi yao, na likatokea tunda ambalo hakuna mkulima aliyelikusudia.

Wenye kalamu walitapatapa kulipa jina. Mwaka 1750, kasisi Griffith Hughes, aliyeandika kitabu juu ya maumbile ya Barbados, alilieleza kwa jina la tunda lililokatazwa, kana kwamba ndilo lililomtoa Adamu peponi. Mwaka 1814, John Lunan, aliyeandika juu ya mimea ya Jamaika, akalitaja kwa jina la tunda la zabibu, na sababu aliyoitoa ni kuwa ladha yake ilishabihi ya zabibu. Kila aliyewahi kulionja balungi hana budi kustaajabu, kwani uchungu wake na ukali wake hauko karibu na zabibu yoyote iliyoiva. Wengine waliokuja baadaye wakatafuta sababu nyingine: mti huu huzaa kwa vishada, matunda kadhaa yakibanana kwenye tawi moja, na mtu akiyatazama kwa mbali huweza kukumbuka kishada cha zabibu. Mwaka 1830, James Macfadyen akalipa jina la kitaalamu lililobakia hata leo, *Citrus paradisi*, ambalo bado limebeba harufu ya ile pepo ya Hughes.

Basi hilo ndilo jina ambalo Kiingereza kinalitumia kila asubuhi mezani. Limetokana na ulimi wa mtu mmoja au jicho la mwingine, na kwa vyovyote vile halisemi kweli juu ya tunda lenyewe. Wala Kiingereza hakistahili kulaumiwa kwa hilo. Majina ya vyakula mara nyingi hutusimulia njia ambayo kitu kilipitia hadi kikamfikia mwenye kukitaja, na huyo mwenye kukitaja hujua mwisho wa njia tu, hajui mwanzo wake.

Mfano wa karibu kabisa ni ukwaju. Mkwaju ni mti wa Afrika, nao humea bila kupandwa na mtu katika nyika za bara, Ugogo ikiwemo. Lakini Waarabu waliupata ukwaju kwa wafanyabiashara wa India, wakauita tende ya Kihindi, na kutokana na jina hilo la Kiarabu Kiingereza kikapata ‘tamarind’. Tunda la Afrika likazunguka bahari nzima, likarudi limevaa jina la ugenini. Mgogo na Mswahili, waliokuwa nalo nyumbani, hawakuhitaji kulisingizia Uhindi.

Pwani ya Waswahili ina hazina kubwa ya majina ya ukoo huu wa matunda: chungwa, chenza, kangaja, danzi, limau, ndimu, furungu, balungi. Lugha nyingi za dunia hazina hata nusu ya majina hayo, na huongeza maneno mawili matatu ili kulitenga tunda moja na jingine. Mpwani hulitenga kwa neno moja, kwa kuwa kila moja lina kazi yake. Ndimu ni ya mchuzi na ya samaki, limau ni la achari, danzi ni chungu na halifai kuliwa kama chungwa, kangaja ni dogo na huchunika kwa vidole. Furungu nalo lina jamala yake ya pekee, kwani neno hilohilo ni jina la bangili nene ya fedha iliyokuwa ikivaliwa miguuni na wanawake, na mshairi alitajapo furungu, msikilizaji hungoja neno linalofuata apate kujua kama yuko bustanini au arusini.

Neno balungi lina safari yake. Katika msamiati uliokusanywa Unguja katika karne ya 19, wakati balungi la Barbados lilikuwa bado ni tunda la upande mwingine wa dunia, neno hili lilikuwepo tayari, na lilitaja ndugu mwingine wa ukoo huo, mkubwa, mwenye ganda nene. Kiajemi kina neno bālang kwa tunda kama hilo, lile ambalo Waarabu huliita utruja au turunji. Wasomaji waliopitia madrasa watalikumbuka, kwani ndilo tunda ambalo katika hadithi ya Mtume amefananishwa nalo muumini asomaye Kurani, kwa uzuri wa ladha yake na wa harufu yake. Baina ya bālang na balungi imegeuka irabu ya kati, na imeongezwa irabu ya mwisho, ile ambayo Kiswahili humvika kila mgeni anayetaka kukaa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba ya Uajemi yalileta tende, mazulia na vyombo, na yalileta maneno pia.

Tunda jipya la Karibi lilipofika pwani hii, lilikuta jina linalolingoja. Watu walilitazama ganda lake, wakaliuma, wakauhisi uchungu wake, wakaliweka mahali pake katika ukoo. Halikuitwa zabibu wala halikuundiwa neno. Inafurahisha kuona kwamba wasemao Kihispania walifanya jambo hilohilo wakiwa mbali kabisa na pwani ya Afrika. Wengi wao huliita balungi toronja, na neno hilo walilirithi kwa Waarabu wa Andalusia, kutokana na turunji. Mataifa mawili yasiyojuana, yote mawili yakiwa yamekaa kwenye kingo za ulimwengu wa Kiarabu, yalilipokea tunda lilelile kwa kulipa jina la mzee wa ukoo. Kinyume chake, Waarabu wengi wa leo husema gribfrut, wakilitamka neno la Kiingereza kwa ndimi zao. Wenye hazina wamekopa, na waliokopa zamani wamebaki na hazina.

Kutoka pwani hadi Ugogo njia ilikuwa ya miguu. Misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Unyanyembe na Ujiji haikuwa na budi kuivuka nchi ya Wagogo, na kila msafara uliivuka kwa hofu. Kilichohofiwa zaidi kilikuwa kiu, na baada ya kiu, hongo. Wagogo walikuwa na visima, na mwenye maji katika nchi kavu ndiye mwenye kauli. Watemi wao waliwatoza wapitao nguo, shanga na waya, na wapitao walilipa, kwani kupigana na mwenye kisima ni kupigana na roho yako. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Stanley alipita mwaka 1871, na wote waliandika juu ya hongo za Ugogo kwa uchungu wa mtu aliyefunguliwa mfuko.

Katika mizigo ya wapagazi nguo iliyokuwa ikitajwa zaidi ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lake ni ushahidi mwingine wa jambo lilelile: kitambaa hicho kilifika Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Marekani, na hata viwanda vya mataifa mengine vilipokiigiza baadaye, jina halikubadilika. Mgogo aliyepokea hongo ya merikani alivaa begani kwake jina la nchi ambayo hakuwahi kuiona. Mzigo wenyewe, furushi la nguo lililofungwa kwa kamba na kutikwa kichwani, uliitwa mtumba. Kwa sikio la mtu wa pwani, basi, Mtumba ya Dodoma ina jina la kitu kilichobebwa kutoka mbali.

Matunda ya maji hayakuwa mzigo wa safari hiyo. Chungwa huoza, na mpagazi halipwi kwa kubeba kitakachooza. Kilichosafiri vyema ni mbegu. Maembe yalisafiri hivyo, na miembe ya kale ya Tabora na Ujiji hata leo inaonyesha njia ya misafara ilipopita. Ama Ugogo yenyewe, mvua yake haizidi sana milimita 570 kwa mwaka wa kawaida, nayo hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga. Mchungwa na mbalungi huhitaji zaidi ya hayo. Kwa hivyo ukali na uchachu wa chakula cha Mgogo ulitoka kwenye miti inayostahimili: ubuyu na ukwaju. Mwaka 1910 reli ya kati iliifikia Dodoma, na tangu hapo tunda bichi la pwani liliweza kufika bara kabla halijaharibika. Siku hizi malori hupandisha machungwa ya Muheza na ya milima ya Morogoro hadi soko la Majengo, na balungi, likitokea, huja limechanganyika nayo kama mgeni aliyefuatana na jamaa.

Wakati balungi likija Dodoma kwa gari, zabibu ilikuwa imekwisha kupata makazi. Mizabibu ilipandwa katika misheni ya Bihawana, karibu na mji, na mapadre wa Kikatoliki kutoka Italia, katikati ya karne ya 20. Walihitaji divai kwa ajili ya misa, nao walitoka katika nchi ambayo mzabibu ni mti wa nyumbani. Ukame ambao ulimnyima Mgogo mchungwa ndio uliompa mzabibu. Ukungu unaoshambulia majani na vishada hupenda unyevu, na kiangazi kirefu cha Ugogo huunyima nafasi. Mkulima akipata maji ya kunyweshea na akijua wakati wa kupogoa, huvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza baina ya Februari na Machi, na mara ya pili baina ya Agosti na Septemba. Serikali nayo iliweka kituo cha utafiti Makutupora, na mashamba yakaenea hadi Hombolo, Mpunguzi na Mvumi.

Hapa panahitaji kutuama kidogo, kwani neno zabibu lina siri yake. Kwa Kiarabu, tunda bichi la mzabibu ni inabu. Zabibu ni lile lililokaushwa. Mswahili wa kale alilijua tunda hili likiwa limekwisha kukauka, kwa kuwa hivyo ndivyo lilivyoweza kuvuka bahari katika majahazi pamoja na tende, na hivyo ndivyo lilivyoingia katika pilau na vitamutamu vya Idi. Alilipa jina la kitu alichokiona. Tunda bichi lilipokuja kulimwa Dodoma, mbali na bahari, jina la tunda kavu lilipewa tunda mbichi, na leo mwenye kutaka lile la zamani hulazimika kusema zabibu kavu. Mwarabu akisikia maneno hayo mawili atacheka, kwani masikioni mwake yanasema kavu iliyokauka. Lakini Mgogo anapouza zabibu zake kando ya barabara hakosei. Neno lilifika likiwa kavu, ardhi ya Dodoma ikalinywesha.

Ndiyo kusema kwamba majina yote mawili, balungi na zabibu, yalianza kwa kutaja kitu kingine. Balungi lilikuwa la mzee wa ukoo, likarithiwa na kijana wa Barbados. Zabibu lilikuwa la tunda lililokauka, likarithiwa na tunda lenye maji. Usahihi wa majina haya umetoka katika matumizi ya vizazi, na kila mzungumzaji anajua kinachotajwa. Jina la Kiingereza nalo ni sahihi kwa njia hiyohiyo, kwa Waingereza. Balaa huanza pale jina hilo linapovunjwavunjwa na kutafsiriwa kipande kwa kipande, maana wakati huo humfikia mtu bila ya matumizi yaliyolipa maana.

Na balaa hilo si la vitabuni pekee. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walikuwa wakichunguza dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipine. Walitumia maji ya balungi ili kuificha ladha ya kileo kilichokuwa sehemu ya jaribio lao, wakagundua kwa bahati kwamba dawa ilizidi kupita kiasi katika damu za waliokunywa. Sababu ilikuja kueleweka. Ndani ya kuta za utumbo mna kimeng’enya kinachozivunja dawa nyingi kabla hazijaingia damuni, na balungi hukizuia kimeng’enya hicho kufanya kazi yake. Athari yake hudumu zaidi ya siku moja, na kidonge kimoja huweza kutenda kana kwamba mgonjwa amemeza kadhaa. Furungu na danzi nayo yana tabia hiyo. Dawa zinazohusika ni pamoja na baadhi ya zile za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu, na tahadhari hutajwa hata katika maelezo ya dawa mseto ya malaria yenye artemether na lumefantrine.

Tahadhari hiyo huandikwa kwa Kiingereza, kwa lile neno la Lunan. Mgonjwa wa Dodoma akiambiwa asile zabibu, ataiacha zabibu isiyomdhuru, na huenda shamba lake zima likamtia wasiwasi bure, huku akiendelea kunywa maji ya balungi kila asubuhi kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Akiachiwa neno la Kiingereza kama lilivyo, hataambulia chochote. Akiambiwa balungi, na akaongezewa furungu na danzi, ameonywa. Neno moja la pwani, lililokuja na jahazi, linafanya kazi ya mlinzi mlangoni mwa mtu wa bara.

Ndiyo maana habari hii inaihusu Mtumba kuliko inavyohusu hoteli za ufukweni. Uamuzi wa kuihamishia Dodoma makao makuu ya nchi ulifikiwa na chama cha TANU mwaka 1973, na mojawapo ya hoja zake ni kuwa serikali ikae katikati ya watu wake. Kukaa katikati ya watu ni jambo la lugha pia. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania Bara, na wizara za Mtumba zinaandika kila siku juu ya kilimo, afya na lishe. Kila mara afisa anapolitafuta neno la Kiswahili, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kulichukua la Kiingereza na kulivika irabu. Anaweza kulipasua na kuvitafsiri vipande vyake. Au anaweza kuuliza kwanza kama wenye lugha wanalo neno tayari. Njia ya tatu ni ya polepole, nayo humtaka mtu amsikilize muuza matunda, bibi mwenye shamba, na nahodha. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mara nyingi neno linalotafutwa liko ngamani tangu zamani.

Balungi lina ushahidi wake wa uraia katika sarufi. Tunda ni balungi, matunda ni mabalungi, mti ni mbalungi, miti ni mibalungi. Herufi moja hugeuza tunda kuwa mti, kama ilivyo kwa chungwa na mchungwa, zabibu na mzabibu. Neno lililokopwa jana haliwezi hayo. Halina mti, na mwenye kuutaja hulazimika kuongeza maneno. Wapenzi wa ushairi wanalo pia jaribio lao. Silabi za balungi zimekaa sawasawa: ba, lu, ngi. Mtu akisema ‘balungi chungu na tamu’, amekwisha kupata mizani minane bila ya kusukuma wala kubana, na kina chake cha ngi kina jamaa wengi wa kukaa nao, kutoka msingi hadi shilingi. Neno ‘grapefruit’, hata likivikwa irabu, huingia katika ubeti kama mtu anayeingia msikitini na viatu.

Si bahati mbaya kwamba jirani kabisa na Mtumba, huko Ihumwa, ndiko alikotoka Mathias Mnyampala, aliyeishi tangu 1917 hadi 1969. Alikuwa Mgogo na Mkristo, na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka huohuo Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mnyampala alizikubali sheria za mizani na vina zilizolelewa Mombasa, Lamu, Pemba na Unguja, akazitumia kama mtu aliyezaliwa nazo, kisha akaongeza yake: ndiye aliyeukuza utanzu wa ngonjera, na ndiye aliyekiongoza chama cha UKUTA. Kwake Kiswahili cha pwani kilikuwa mbegu, na Ugogo ulikuwa ardhi.

Yaliyompata Kiswahili mkononi mwa Mnyampala ndiyo yaliyoipata zabibu Bihawana. Kitu kilichotoka pwani kilipandwa katika nchi ya kiangazi kirefu, kikazaa. Hapana sababu ya kuamini kuwa balungi, kwa jina, haliwezi kustawi hapo kwa kuwa mti wake hupenda mvua zaidi. Mtumba wa zamani ulibeba merikani, nguo iliyolipa hongo ya maji. Mtumba ya leo inabeba maneno, na mwenye kiu ya kuyaelewa anangoja kando ya njia, karatasi ya dawa mkononi, asomewe jina la tunda analolijua.